Ndevu za Floriani

Kwaru, kwaru, kwaru. Kulikuwa hakujapambazuka, dirisha jeusi tii, na mume wangu alikuwa anajikuna ndevu. Nyumba yetu ina sauti nyingi na zote nimezizoea: bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji, ngazi inayolalamika ukiikanyaga, mtoto wetu Zenta anayesaga meno usingizini. Hii ya kucha ndani ya ndevu ilinishinda. Ilikuwa kama panya ameingia kwenye gunia la shayiri na hana haraka ya kutoka.

"Kilian," nikasema, "ukijikuna tena nahamia kwa mama yako."

"Kwa mama hakuna kitanda," akanijibu gizani. "Na zinawasha kweli, Afra."

"Basi zinyoe."

Akanigeuzia mgongo. Nilijua. Hapa Moosleiten, mwaka wa mchezo, unaweza kumwambia mwanamume auze trekta yake, amsamehe shemeji yake, hata aache bia Kwaresima nzima, na atakusikiliza. Neno lile moja ndilo halisemwi.

Sisi huigiza maisha ya Mtakatifu Floriani, msimamizi wa wazima moto, kila baada ya miaka saba. Mababu waliapa hivyo pale moto ulipoula mji wote ukabakiza kanisa, na kiapo cha mababu hakina wa kukihoji. Anayecheza lazima awe amezaliwa hapa au ameishi hapa miaka ishirini. Na mwanamume anayecheza lazima awe na ndevu zake mwenyewe, kwa hiyo kuanzia sikukuu ya Mamajusi, Januari, hadi Julai wembe haugusi shavu la mtu. Kiapo chenyewe nimekisikia kikisomwa kanisani tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, na ndani yake sijawahi kusikia hata unywele mmoja. Hizo ndevu alizileta babu yake Mzee Alban mwokaji mikate, kwa sababu yeye alikuwa nazo nyingi. Lakini ukisema hivyo mbele za watu utaonekana umeitemea mate altare.

Mwaka huu Floriani alikuwa Kilian. Utotoni alibeba ndoo tupu akapita nyuma ya jukwaa. Mchezo uliofuata akawa askari asiyesema kitu. Uliofuata, askari anayesema "Ndiyo, bwana wangu," na mama yake hadi leo anasimulia alivyolisema vizuri. Ni fundi seremala, na kila anaposukuma randa husukuma na maneno ya mchezo, yake na ya wenzake, mpaka mimi ninayefua nguo ua wa pili najua gavana anajibu nini. Alingoja nafasi hii ujana wake wote. Sikuwa na nia ya kumnyima. Joho lake jekundu nilikuwa nalishona mwenyewe, jioni ambazo sina darasa, na nilikuwa nimelifikisha kwenye pindo.

Sasa alikuwa karibu kuipoteza, na sababu yenyewe ilikuwa mpira wa barakoa.

Siku ile ile, baada ya chakula cha mchana, Benno akabisha hodi. Benno ni kamanda wa zimamoto wetu wa kujitolea, na ana duka la vifaa vya shamba pale darajani. Alikaa mezani kwangu, akamiminiwa kahawa, akaanza kuisifia. Mtu wa Moosleiten akisifia kahawa ujue amekuja kuomba.

"Afra mwanangu," akasema, "wewe unasoma soma jioni, una akili. Mwambie mumeo anyoe."

"Mwambie mwenyewe, yuko karakanani, hatua chache tu."

"Nimemwambia. Ananiitikia kwa mistari ya Floriani."

Akanieleza jambo ambalo kila mke wa zimamoto analijua. Ili kuingia kwenye moshi lazima mtu avae barakoa ya hewa, na ule mpira wake lazima ugande kwenye ngozi. Pakiwa na ndevu, hewa inavuja. Tena wakiingia wawili, lazima wawili wengine wangoje nje wakiwa wamevaa vile vile, ili wa ndani wakizidiwa wafuatwe. Bila wanne, hakuna anayeingia. Na katika mji wetu wote, waliofunzwa na wenye videvu vitupu walikuwa watatu: mwalimu Wiebke, aliyetoka kaskazini kwenye bahari, Tesfay wa kiwanda cha mbao, aliyetoka Eritrea, na Wendelin wa posta, mzaliwa wa hapa ambaye kidevu chake ni laini kama yai, ndiyo maana kila mchezo yeye ni malaika. Wiebke na Tesfay hawajafikisha miaka yao ishirini. Wale tuliowaambia kwamba bado si watu wa hapa kiasi cha kusema neno moja jukwaani, hao hao ndio tuliokuwa tukiwategemea watutoe motoni.

"Wengine wote je?" nikauliza. "Una wanaume kama mchanga."

"Wote wana ndevu."

"Na wewe, kamanda?"

Akazishika zake. Zilikuwa zimejaa sikio hadi sikio, nyeupe na nyekundu, zenye povu la kahawa, na Zenta aliyekaa chini ya meza na wanasesere wake alikuwa anazitazama kama mtu anayetazama kondoo.

"Mimi naamrisha nje," akasema.

"Huko nje ndevu zinakusaidia nini?"

"Afra. Mimi ni gavana. Ndimi ninayeamuru Floriani afungwe jiwe la kusagia atupwe mtoni. Gavana asiye na ndevu, nani atamwogopa?"

Kabla sijamjibu, mlango ukafunguliwa bila hodi na Mzee Alban akaingia na mfuko wa mikate ya chumvi iliyosukwa, ile ambayo Zenta angeila mpaka atapike. Alban ndiye kiongozi wa mchezo kama baba yake na babu yake. Alipomwona Benno akajifanya amekuja kumletea mtoto mikate tu.

"Mtoto anakua," akasema. "Nasikia pia kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba na nyembe mifukoni."

"Nasikia kuna watu," Benno akajibu akiangalia kikombe, "wanataka tuungue tukiwa tumependeza."

"Wewe ulikuwa wapi tulipogawa nafasi Novemba? Ulikuwa umekaa pale pale. Ulipiga makofi."

"Nilipiga makofi kwa nafasi yangu."

Nikaona hawa wataniharibia mchana. Nikasema, "Wazee wangu, zipo ndevu za kubandika. Kilian anyoe, siku ya mchezo tumbandikie. Basi, kila mtu anaenda nyumbani."

Walinigeukia wote wawili kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza siku ile walikuwa kitu kimoja.

"Za kubandika," Alban akasema taratibu, "tulijaribu enzi za baba yangu. Petro wa kinu. Alipoinama kunywa kwenye karamu ya askari, ndevu zikabaki ndani ya bia. Watu wa Oberthal, mji jirani, walikuwapo. Mpaka leo ukienda Oberthal ukaagiza bia wanakuuliza unaitaka na nywele au bila."

"Ni kweli," Benno akasema. "Wanauliza."

"Basi tufundisheni sisi wanawake," nikasema. "Mimi, na Gundula wa maziwa, na mwingine mmoja. Sisi Mungu ametunyoa."

Benno akatingisha kichwa kwa huruma. "Wazo zuri. Mafunzo yanaanza vuli."

"Baada ya mchezo," nikasema.

"Baada ya mchezo, ndiyo. Yatatusaidia sana mwakani."

Kuna wakati mtu anatamani kuweka kichwa juu ya meza akiache hapo. Nikawamiminia kahawa tena kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Ndipo Kilian akaingia kutoka karakanani, maranda yamenasa ndevuni, amebeba kiti cha mtu alichokitengeneza, akawaona wawili hao na uso wake ukajifunga.

"Nitafikiri," akasema kabla hawajasema kitu.

"Usifikiri sana," Alban akamwambia. "Floriani hafikiri, anaamini."

"Na huyo Floriani," Benno akasema, "alikuwa nani kama si zimamoto?"

Wakaondoka wakibishana mpaka getini, nami nikawasikia wakiendelea mpaka darajani, wakisimama kila baada ya hatua kadhaa ili wabishane vizuri.

Jioni ile nilikuwa na darasa. Kilian ndiye aliyebaki na Zenta, akanisindikiza mpaka mlangoni amembeba begani. Nilipokuwa navaa koti akasema:

"Zimamoto nitakuwa maisha yangu yote, Afra. Floriani ni mara moja."

"Na moto hauchagui mwaka."

"Lini mara ya mwisho kumeungua kitu hapa? Banda la Gundula. Na lilikuwa limeshaanza kuanguka lenyewe."

Ningeweza kumjibu. Lakini alikuwa ananitazama kama Zenta anavyotazama dirisha la duka la peremende, na mimi nina moyo mwepesi kwa macho ya namna hiyo. Nikamwambia Julai si mbali. Nikamwambia Mungu yupo. Nikaenda darasani, nikakaa na hesabu zangu za pembe tatu, na nikaamini kabisa kwamba yote yatapita salama.

Mei ikaingia. Jukwaa likajengwa mbele ya kanisa, Kilian mwenyewe akiwa fundi mkuu, na mazoezi yakahamia nje. Ndevu zake zilikuwa zimeacha kuwasha. Zilikuwa nzuri, sitasema uongo, za rangi ya asali, na akisimama pale juu na joho langu jekundu begani akimwambia gavana maneno yake, hata waendesha baiskeli wageni walishuka wakasikiliza.

King'ora kililia siku ya Jumamosi, watu wakiwa sokoni. Nilikuwa nanunua figili, Zenta ameshika sketi yangu. Moshi ulitoka nyumba ya wazee, pale pale mtaa wa nyuma, moshi wa kijivu unaotoka taratibu kwenye madirisha ya ghorofa ya kwanza. Kilian alitoka karakanani akikimbia, akatupita bila kutuona.

Masista wa nyumba ile walikuwa wameshawatoa wazee karibu wote, wamewapanga kwenye viti chini ya miti kama wanaongojea basi. Wawili tu walibaki juu, mwisho wa ukumbi uliojaa moshi: bibi mmoja asiyesikia, na Mzee Sixtus. Sista alikuwa amewafungia mlango wa chumba chao moshi usiingie, dirisha likafunguliwa, wakaambiwa wangoje hapo. Gari refu la ngazi halikuweza kupita uani. Kwa hiyo ilibidi waingie watu, wavae barakoa, wapite ukumbini.

Wiebke na Tesfay walikuwa tayari mlangoni, mitungi mgongoni. Wendelin akaja akihema, begi la posta bado begani. Watatu. Benno akawanyooshea mkono wasimame.

"Wa nne," akasema.

Kilian alikuwa ameshavaa. Akaivuta barakoa usoni, akakaza mikanda, akakaza tena. Ikaanza kupiga mluzi. Hewa ilikuwa inatoka pembeni mwa mashavu yake kwa sauti nyembamba kama ya birika, na watu wote wa sokoni tulikuwa tumesimama pale tunaisikia. Akabana kwa viganja vyote viwili. Ikaendelea kupiga mluzi.

Wiebke akamgusa bega. "Vua, Kilian," akamwambia kwa upole. "Utanifia mlangoni, halafu nani nimfuate, wewe au wao?"

"Kamanda, tuingie watatu," Tesfay akasema. "Mimi nipo tayari."

"Sheria ni wanne." Benno alikuwa mweupe kama unga juu ya zile ndevu. "Oberthal wako njiani. Tunangoja."

Tukangoja. Sitasahau kungoja kule. Pale juu, Mzee Sixtus akatokea dirishani na leso mdomoni. Huyu ndiye aliyekuwa Floriani zamani, mimi nikiwa msichana mdogo, na ndiye aliyemfundisha Kilian kusimama na kupumua na kutoa sauti toka tumboni. Moshi mwembamba ulikuwa unapita pembeni ya kichwa chake. Akatazama chini, akamwona mwanafunzi wake kasimama na barakoa mkononi, akaitoa leso mdomoni.

"Kilian," akaita, akikohoa. "Zimekaa vizuri sana ndevu hizo."

Kilian akaishusha barakoa polepole mpaka miguuni. 

Gari la Oberthal lilifika likiwa na vijana wanne, wote wamenyoa, mashavu yanang'aa kama mayai ya Pasaka. Kiongozi wao akatupa jicho moja kwa zimamoto wetu waliojipanga na ndevu zao zilizofunika kola.

"Mitume tunawaona," akasema. "Zimamoto wako wapi?"

Hakuna aliyecheka, hata wao. Wawili wakasimama nje na Wendelin, wawili wakaingia na Wiebke na Tesfay. Ilikuwa ni sufuria ya madonge ya plamu iliyosahauliwa jikoni na taulo lililoshika moto karibu yake, si zaidi. Bibi asiyesikia alitoka akilalamika kwamba hakuna aliyemwambia kama kuna sherehe. Mzee Sixtus alitoka kwa miguu yake, mkono mmoja kwa Tesfay, akapelekwa hospitali kwa sababu ya kifua na akakaa huko mpaka karibu mwisho wa Juni.

Nilirudi nyumbani na figili zangu nikiwa na maneno mengi kooni. Niliyapanga njiani, yakawa mazuri, makali, yamekaa kwa mpangilio kama mwalimu wetu wa jioni anavyotaka. Nikamkuta Kilian amekaa kwenye kiti cha jikoni, taulo shingoni, mkasi mezani.

"Kata wewe," akasema. "Mimi nikizishika nitaziacha."

Na maneno yangu yote yakayeyuka. Mimi ndiye niliyemwambia kwanza azinyoe, na sasa nilishika mkasi nikasimama nyuma yake nikiwa sitaki. Nilitaka kusema ngoja, labda Alban ataelewa, labda ipo njia. Nikamkumbuka yule mtoto wa ndoo tupu.

"Una hakika?"

"Kata, mama Zenta."

Nikakata. Zilianguka kwenye taulo, laini, za rangi ya asali. Zenta akaja akaziokota akawatengenezea wanasesere wake kitanda. Nilipomaliza kwa wembe, shavu la chini lilikuwa jeupe na la juu limeungua na jua, na akaonekana kijana kuliko siku niliyoolewa naye. Akajipapasa. Hakulia, na mimi nikajizuia kwa sababu yake.

Jumatatu Benno alimpitia akamshika mkono kwa muda mrefu, akasema sasa tuko wanne, Mungu ni mkubwa, na kwamba yeye pia atanyoa.

"Lini?" nikamwuliza.

"Mara tu baada ya mchezo."

Mzee Alban alikuja Jumanne, bila mikate. Alisimama mlangoni akiutazama uso wa mume wangu kama mtu anayetazama gari lake lililogongwa. Akasema anaelewa. Akasema yeye kama Alban anaelewa kabisa, ila yeye kama kiongozi wa mchezo haelewi, na hawezi kupandisha jukwaani Floriani mwenye uso wa mtoto wa kipaimara. Nafasi atapewa Quirin, mtoto wa bucha.

"Quirin," nikasema. "Aliyesahau maneno ya ndoa yake mwenyewe, padri akamsemea."

"Ana ndevu nzuri."

"Mzee Alban, mume wangu amenyoa ili nyinyi msife."

"Na tunamshukuru," akasema, na alimaanisha, macho yalikuwa na maji. Hilo ndilo linalonichosha na watu wangu. Wangekuwa wabaya ningewachukia nikapumzika.

Kilian alikunja joho, akalipeleka mwenyewe kwa Quirin. Nikalazimika kupanua mabega. Randa ikawa inasukumwa kimya, na ua wetu ukawa mkubwa mno.

Wiki mbili kabla ya mchezo Alban akarudi. Safari hii alikuja na mikate, na keki ya jibini juu yake, nikajua balaa ni kubwa. Maneno hayamwingii Quirin. Ana sura, ana mabega, ndevu zimefunika shingo yote, lakini akifika mbele ya gavana akili inafuta kila kitu. Na mwanamke anayewanong'onezea waigizaji maneno yao, aliyekaa ndani ya kile kisanduku mbele ya jukwaa tangu enzi za baba yake Alban, masikio yamemwisha.

"Tunahitaji mtu anayeujua mchezo wote," Alban akasema, akiangalia keki. "Maneno ya kila mtu. Hapa mjini ni mmoja."

Nikaweka sufuria chini. "Mzee wangu, niruhusu nielewe vizuri. Mmemvua joho kwa sababu hana nywele usoni. Sasa mnataka akae chini ya sakafu, mahali asipoonekana, amsemee yule mwenye nywele."

"Ukisema hivyo linakuwa na ladha mbaya, Afra."

"Liseme wewe, tusikie kama litakuwa na sukari."

Hakulisema. Nilikuwa tayari kumfungulia mlango. Lakini Kilian alikuwa amesimama pale na penseli sikioni, na niliona kitu kikipita usoni mwake, na uso ule mtupu sasa ulikuwa hauwezi kuficha lolote.

"Mazoezi saa ngapi?" akauliza.

Usiku nilimgombeza kwa sauti ya chini. Nikamwambia hawa watu wakikuomba meno utawapa na fizi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Quirin akisahau," akasema, "mchezo unakufa pale. Nami nitakuwa nimekaa nyumbani najua neno lililokosekana. Hilo siliwezi, Afra. Jingine lolote naliweza."

"Na ile ya miaka saba ijayo?"

"Nitakuwa sijazeeka."

"Mimi na Gundula tutakuwa tumeshavaa hizo barakoa zenu," nikamwambia. "Utafuga mpaka magotini."

Siku ya mchezo ilikuwa na jua la kuchoma. Uwanja wa kanisa ulijaa, Oberthal walikuja basi zima, bila shaka kwa ajili ya bia na nywele. Nilikaa safu ya tatu, Zenta mapajani, Wiebke na Tesfay upande wangu wa kushoto na vidude vyao vya king'ora mkandani, kwa sababu mtu lazima awe zamu. Mzee Sixtus aliletwa kwenye kiti cha magurudumu akawekwa mbele kabisa. Mbele ya jukwaa, kwenye mbao ambazo Kilian alizipiga randa mwenyewe, kile kisanduku kilionekana kama kifuniko cha mtaro. Chini yake alikuwamo mume wangu, bila karatasi yoyote.

Yote yalikwenda. Wendelin alikuwa malaika. Benno alipoingia na ndevu zake watoto wengine walilia, nikakiri moyoni kwamba alikuwa na haki kidogo. Quirin naye alipendeza mpaka wanawake wa Oberthal wakaguna. Kisha gavana akainuka kitini, akamnyooshea kidole, akamwuliza yeye ni nani hata amkatalie Kaisari.

Quirin akafungua mdomo. Akaufunga.

Nilikisikia kisanduku kikinong'ona. Quirin hakusikia. Kikanong'ona tena. Benno akarudia swali, akiongeza sauti kumsaidia, na mikufu yake ya ugavana ikapiga kelele ikalifunika neno kabisa. Jasho lilikuwa linamtiririka Quirin likiingia kwenye ndevu. Kwenye viti vya Oberthal mtu akakohoa kikohozi kilichokuwa kinaelekea kuwa kicheko.

Ndipo sauti ikapanda. Haikuwa tena ya kunong'ona. Ilitoka chini ya jukwaa, toka tumboni, kama alivyofundishwa, ikaujaza uwanja mpaka ukuta wa kanisa.

"Mimi ni mtu niliyebeba maji kwenye nyumba za wengine. Nyumba yangu sikuiulizia."

Quirin alisimama tu, mikono wazi, akamwachia. Na sauti ikaendelea, neno kwa neno, mpaka mwisho wa jibu lile refu. Gavana akasahau kukunja uso. Mzee Sixtus alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio limeelekea kwenye mbao. Uwanja mzima haukutikisika, hata Oberthal. Mimi nilikuwa nimemkumbatia mtoto kwa nguvu mno.

Zenta akajinasua, akasimama juu ya mapaja yangu, akatazama jukwaa lote kutoka upande hadi upande.

"Baba yuko chini ya mbao," akasema.